Sauti Iliyozama Rhonda

Sehemu ya Tisa

Mlango haukufunguka.

Tulipoachana Jumamosi iliyopita, Valarie Achola alikuwa ameusukuma mara moja tu, kwa kiganja, kama mtu anayetoka jikoni kwake. Sasa aliusukuma kwa bega. Kisha kwa mgongo, visigino vimekita sakafuni.

Haukutikisika.

Saa yake ilionyesha saa tisa na dakika saba alasiri. Taa nyekundu ya transmita, mashine ya kurushia matangazo, ilikuwa inawaka. Redio Mvuke ilikuwa hewani.

Aliyekosa matoleo ya nyuma hahitaji mengi. Redio Mvuke haina leseni. Kila Jumamosi, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, hurusha muziki wa kucheza hadi shati liloe, mapigo mia moja na arobaini kwa dakika, unaotengenezwa kwa mashine zenye umri mkubwa kuliko wasikilizaji wake. Inarushwa kutoka chumba baridi cha chama cha maziwa kilichokufa, nyuma ya mtaa wa Rhonda, ambako maziwa ya wafugaji wa Kabazi yalikuwa yakipoozwa. Kuta zimejazwa koki, gome jepesi la kuzuia joto, na kufunikwa bati ndani na nje. Sauti haitoki. Mtandao wa simu hauingii. Hakuna dirisha.

Valarie alikichagua kwa sababu hizo. Sasa sababu hizo hizo zilikuwa zimemfunga.

"Nas."

"Nimeshika waya, Vala. Ngoja."

"Mlango umefungwa."

"Si ufungue."

"Umefungwa kwa nje."

Nasrudin Gelle akaweka chini chuma chake cha kulehemu. Ni fundi wa redio wa mjini, mwana wa fundi na mjukuu wa fundi, na ndiye aliyefufua kila mashine iliyokuwa chumbani humo. Aliukaribia mlango akaupiga ngumi tatu.

"Ooko! Wacha mchezo, bana! Hii si ya kucheka!"

Akaweka sikio kwenye bati.

Ooko ni binamu wa Valarie, mtoto wa mama yake mdogo, mwanamume wa miaka thelathini na minne. Kazi yake ni moja: kuketi nje na kuhakikisha jiwe linaloacha mlango wazi halitoki, kwa maana mlango huo ukijipiga hujikomea wenyewe. Jiwe lina kilo ishirini. Valarie alilipima kwa mizani kabla ya kuliamini.

Upepo hauondoi jiwe la kilo ishirini. Mtu alikuwa ameinama akaliinua.

"Sawa," Nasrudin alisema, akijaribu kutulia. "Vyumba hivi vina kichuma cha ndani. Unasukuma, komeo linatoka. Ni sheria, mtu asigande huku ndani. Kiko wapi?"

Valarie aliangalia mashine ya mwangwi, ambamo kitanzi cha kanda kilikuwa kikizunguka kwenye kichuma kimoja kinachong'aa.

"Vala. Sema hapana."

"Kile cha zamani kilikuwa kimepinda. Nilihitaji kitu kilichonyooka."

"Ukachukua kichuma cha mlango."

"Kipenyo kilikuwa sawasawa."

"Na ukakikata?"

"Kilikuwa kirefu mno. Nilibakisha sentimita kumi na moja."

"Mungu wangu. Hii kitu ilikuwa ya kuokoa watu, wewe ukaifanya mwangwi."

"Ulisema mwangwi umekuwa mtamu."

"Nilisema! Sikujua unatoka wapi!"

Walikichomoa. Kanda ikaanguka, na kote Rhonda mwangwi ukakatika katikati ya wimbo. Walikiingiza kwenye tundu la mlango. Kilipungua sentimita tisa. Bisibisi ndefu zaidi ya Nasrudin ilipungua vidole viwili. Mguu wa maikrofoni ulikuwa mnene, haukuingia kabisa.

Ukutani kulikuwa na kipimajoto cha enzi za maziwa. Mshale wake ulikuwa umeondoka kwenye nyuzi ishirini na tisa. Sasa ulikuwa kwenye thelathini na sita.

Valarie hufundisha maabara ya fizikia katika chuo kimoja mjini. Hakuhitaji kuambiwa. Mashine hizo kwa pamoja zilitoa joto la jiko dogo la umeme, na kuta zilitengenezwa zisipitishe joto. Hewa ingewatosha hadi kesho. Joto halingewasubiri hadi kesho.

"Zima kila kitu," Nasrudin alisema. Jasho lilikuwa limeshuka hadi kwenye ndevu.

"Tukizima transmita, tumezima mdomo wetu. Simu haishiki. Hakuna njia nyingine ya kusema na mtu yeyote duniani."

"Basi sema! Watu mia ngapi wanatusikia? Sema tuko wapi, watakuja na mitaimbo."

"Na Kosgei atakuja mbele yao."

Kosgei ni mkaguzi wa serikali wa masafa ya redio. Ameivamia Redio Mvuke mara mbili, katika maficho mawili, na mara zote mbili alikuta mashine zimewaka na mtu hakuna. Mahakama haiwezi kufunga mashine. Kwa miaka mitatu Valarie alikuwa na amri moja isiyovunjwa: muziki tu, sauti ya mtu kamwe. Na tangu asubuhi hiyo, gari jeupe lenye antena juu lilikuwa limeonekana likizunguka mtaa wa Kaptembwo taratibu, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba.

Akizungumza, anapoteza kazi, mashine, na pengine uhuru. Asipozungumza, wanaiva.

Thelathini na nane.

"Kuna maji," Valarie alisema, akamsukumia chupa. Ilikuwa nusu.

"Nimefunga."

"Najua umefunga. Dini yenyewe inakuruhusu ukiwa kwenye hatari ya kufa."

"Nikifika kwa kufa nitakuambia. Sijafika." Alifungua chupa, akajimiminia kidogo utosini, akairudisha. "Kichwa hakijafunga."

Valarie akacheka, kisha akaacha ghafla. Alikuwa amesikia kitu.

Kilikuwa kinanda: noti yake ilishuka kidogo, kisha ikarudi.

Kinanda hicho cha umeme ni cha miaka ya sabini. Kidhibiti chake cha volti kiliungua zamani, na Nasrudin alikosa kingine cha aina hiyo. Kwa hiyo umeme ukishuka, noti yake hushuka pia, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi akiwa amechoka. Na umeme wa chumba hicho huja kwa waya mmoja kutoka karakana ya jirani, ya Mama Nakhumicha, anayechomelea mageti na fremu za dirisha. Kila Mama Nakhumicha akigusa chuma kwa rodi ya kuchomelea, umeme hushuka. Kila umeme ukishuka, kinanda huzama.

Mwanzoni Valarie alilichukia kosa hilo. Kisha vijana wa boda wakaanza kulipenda. Noti ikizama, walikuwa wakishuka nayo hadi magoti yaguse vumbi. Waliliita "kuzama", wakaidai kila wiki, na Mama Nakhumicha akawa mpiga kinanda wa Redio Mvuke bila kujua.

Alipojua, alisema: "Na hata salamu hamnipatii. Redio gani haina salamu? Hii ni kelele ya posho mill ya kusaga unga."

Valarie akazima mashine ya ngoma. Akazima mwangwi na taa, wakabaki kuonana kwa mwanga mwekundu wa transmita. Akaacha transmita na kinanda, akabonyeza noti moja na kuibana kwa utepe wa gundi isiachie. Kisha akachomeka maikrofoni ambayo haikuwahi kuchomekwa.

"Vala, unafanya nini?"

"Sisi tunasema, hatusikii. Lakini yeye anaweza kutujibu kwa umeme."

Nasrudin alimtazama. "Wewe ni mwendawazimu," alisema. "Fanya."

Valarie akaisogeza maikrofoni mdomoni. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu, Rhonda ikasikia mtu.

"Mama wa rodi," alisema. "Sitakuita jina. Unajua ni wewe. Kama redio yako imewaka, acha kazi zote. Kisha gusa chuma mara tatu. Nitasikia."

Noti ikaendelea, nyembamba, imenyooka.

Sekunde kumi. Ishirini. Valarie alihesabu kwa midomo.

Noti ikazama. Ikarudi. Ikazama. Ikarudi. Ikazama.

Nasrudin akampiga begani kwa furaha. "Mathe! Mama wa nguvu! Nitamnunulia redio mpya, wallahi!"

"Mama, sikiliza vizuri," Valarie akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mara mbili ni ndiyo. Mara moja ni hapana. Unajua tuliko?"

Mbili.

"Unaweza kuja kutufungulia?"

Moja.

Tabasamu la Nasrudin likafutika. "Hapana kivipi?"

"Kuna mtu anakuzuia?"

Noti ikakawia. Kisha ikazama mara moja. Hapana.

"Umeumia?"

Moja.

"Basi kwa nini... Mama, unaijua sauti yangu?"

Moja. Hapana.

Valarie akavuta pumzi. Bila shaka. Mama wa watu amesikia sauti ngeni redioni, ikimwamuru aguse vyuma kama mganga. Nani asingeogopa? Angefungua vipi mlango wa mtu asiyemjua? Ilikuwa lazima ajulishwe, na watu wa Rhonda hujulishana kwa njia moja.

"Mama, ni mimi Valarie. Valarie Achola, wa mzee Oduor wa reli. Ndimi niliyevuta waya kutoka kwako."

Mbili. Haraka, safi. Ndiyo, ndiyo.

"Sasa unakuja?"

Noti haikuzama tena.

Arobaini na moja.

Nasrudin alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye bati. Alisema polepole, kama mtu anayesoma mchoro wa saketi.

"Vala. Mama Nakhumicha amekufokea mara ngapi?"

"Kila wiki. Kwa nini?"

"Miaka mitatu. Kuhusu waya, kuhusu kelele, kuhusu salamu. Anaijua sauti yako kuliko mamako."

Valarie akageuka.

"Kitu kingine," Nasrudin akaendelea. "Rodi zake huwa na unyevu. Anaziweka kwenye ndoo, nimemwambia mara mia asifanye hivyo. Kwa hiyo anakwaruza kwanza. Tak, tak, ndipo moto unashika. Kila kuzama kwenye kanda zetu kuna mikwaruzo miwili midogo mbele. Wewe mwenyewe ulijaribu kuitoa, ukashindwa."

"Nakumbuka."

"Hii ya leo umesikia mikwaruzo?"

Hakusikia. Kila noti ilikuwa imezama safi, kama imekatwa kwa wembe.

Valarie akaifunika maikrofoni kwa kiganja, ingawa alijua kwamba alikuwa amechelewa.

"Si yeye," alisema.

"Si yeye. Mtu mwingine ameishika mashine yake, kwa rodi kavu."

"Mtu amesema hanijui ili nitaje jina."

"Na umelitaja. Na la babako. Na umekiri waya ni wako." Nasrudin akafuta uso kwa kanzu. "Kosgei alikosa nini mara zile mbili? Mtu. Mashine alikuwa nazo. Leo ana sauti yako kwenye rekoda, imejitambulisha yenyewe. Hakutufungia humu ili atupate, Vala. Angetaka kutupata angeingia tu, mlango ulikuwa wazi. Alitufungia ili uongee."

Mtego wote ulionekana sasa, na ulikuwa rahisi. Jiwe, mlango, joto. Mengine yote alikuwa ameyafanya Valarie mwenyewe.

Swali moja lilibaki. Nani alimwambia mkaguzi kwamba kichuma cha ndani hakipo? Aliyejua angeweza kufunga bila wasiwasi. Asiyejua angeogopa kwamba wangejifungulia na kutoroka.

"Ulipokuwa unakikata," Nasrudin aliuliza, "nani alikushikia?"

Valarie aliona tena siku hiyo: msumeno wa chuma, vumbi linalong'aa, na mikono miwili iliyokishika kichuma kisiteleze. Mikono ya Ooko. Alikuwa anacheka. "Binamu, siku moja utatufungia humu," alikuwa amesema.

"Hapana," Valarie alisema. "Ooko ni damu yangu."

"Mimi sijasema kitu."

"Umeuliza."

"Nimeuliza nani alishika. Jibu umelitoa wewe."

Arobaini na tatu. Nasrudin akajaribu kusimama, akaketi tena. Midomo yake ilikuwa imeanza kukauka pembeni. Valarie akachukua chupa akaipeleka kinywani mwake. Nasrudin akageuza uso.

"Nas, umefika."

"Bado kidogo."

"Unaongea kama mlevi."

"Na wewe unaonekana wawili," alisema, akajaribu kucheka. "Mmoja anatosha kunisumbua."

Kisha akateleza polepole hadi shavu likagusa saruji.

Valarie akamwagia maji kichwani na shingoni. Akarudi kwenye maikrofoni. Jina lilikwishatoka, hakuwa na la kuficha tena. Alikuwa amefungua mdomo kuitaja Rhonda, na karakana, na kila kichochoro, watu waje na mitaimbo.

Ndipo noti ilipotetemeka.

Tak. Tak. Ikazama.

Akaganda.

Ilikuwa ndogo sana, ile mikwaruzo miwili. Kwa miezi mingi aliisikia akaiona ni uchafu wa kusafishwa. Sasa ilikuwa mkono wa mtu anayemjua. Mama Nakhumicha alikuwa ameirudia mashine yake.

"Mama," alinong'ona. "Mama, ni wewe?"

Tak, tak, ikazama. Tak, tak, ikazama. Mbili.

"Huyo mtu ameondoka hapo?"

Mbili.

"Anakuja huku?"

Mbili.

Na kabla hajauliza lingine, sauti ikatoka mlangoni. Chuma kilikuwa kinasuguana na chuma. Mtu alikuwa ameshika mpini wa nje, na komeo lilikuwa linatoka.

Mlango ukafunguka upana wa kidole.

Hewa ikaingia. Hewa ya kawaida ya alasiri ya Rhonda, yenye vumbi na harufu ya moshi wa makaa, na ilimgusa Valarie usoni kama maji. Chini, Nasrudin akafumbua macho. Akaanza kutambaa kuielekea, kiwiko kimoja kwa kingine.

"Vala!" Sauti ilikuwa ya chini, ya haraka. Ilikuwa ya Ooko. "Vala, ni mimi. Toka haraka. Lakini kwanza niletee zile kanda. Zote. Niletee tu, nitakueleza."

Valarie aliangalia ufa wa mwanga. Aliangalia rafu, ambako kanda za miaka mitatu zilikuwa zimepangwa, kila moja na tarehe yake kwa mwandiko wake mwenyewe. Sauti alikuwa ameshawapa akina Kosgei. Mwandiko hawakuwa nao bado.

Hakuondoa mdomo kwenye maikrofoni.

"Mama," alisema. "Aliyetoka kwako yuko mlangoni. Nimwamini?"

"Unaongea na nani?" Ooko akauliza. "Vala, wacha hiyo kitu! Toka!"

Tak, tak. Noti ikazama.

Ikarudi.

Valarie akangoja ya pili. Aliitaka ya pili kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Haikuja.

Moja.

Nasrudin alikuwa amefika. Vidole vyake vilikuwa hatua moja kutoka kwenye mwanga. "Vala," alisema, "hewa."

"Nisamehe, Nas."

Akamruka. Mlango ambao alikuwa ameusukuma kwa kiganja, kwa bega na kwa mgongo, akaushika kwa mikono miwili kwenye mpini wa ndani, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote na kuuvuta. Ooko akapiga kelele nje. Ufa ukawa uzi. Uzi ukaisha. Komeo likaanguka mahali pake.

Gizani kulibaki mwanga mmoja mwekundu, na noti moja.

Kisha noti ikaanza kuzama. Haikuwa na mikwaruzo mbele yake; hakuwa Mama. Ilishuka, ikazidi kushuka, ikapita mahali ambapo huwa inageuka, na taa nyekundu ikafifia pamoja nayo: mtu alikuwa anaukata umeme.

Valarie akaingoja irudi.